Our Power ni akina nani? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu umeme wa umma Maine

Tangu kura ya Novemba 2023, ambapo wapiga kura wa Maine walikataa nyaya za umeme zichukuliwe na umma, kila nikikaa na Waswahili wenzangu wa Lewiston au Portland, hasa msimu wa baridi bili zinapoingia, swali hili halikosi: wale watu waliotaka umeme uwe wa wananchi waliishia wapi? Mimi si msemaji wao wala silipwi nao. Mwaka ule niliwasomea majirani karatasi ya kura mezani kwangu, na tangu hapo nimekuwa ndiye wa kuulizwa. Majibu nimeyakusanya hapa ili nisirudie kila jioni.

Kwa kifupi, Our Power ni nini?

Ni shirika dogo lisilo la faida katika jimbo la Maine, Marekani. Linadai jambo moja: nguzo, nyaya na vituo vya kupoza umeme viwe mali ya watu wanaolipia umeme huo, visiwe mali ya wanahisa. Haliuzi umeme, halifungi mita, na halina fundi hata mmoja. Mita yako ikiharibika usiwatafute wao.

Lakini ni watu gani hasa?

Wengi hudhani ni vijana wa chuo wenye mabango. Vijana wapo, tena ndio waliotembea sana, lakini ukiangalia majina utakuta watu walioijua biashara ya umeme kutoka ndani ya ofisi za serikali.

Anayetajwa zaidi ni Seth Berry wa Bowdoinham. Aliwahi kuwa mwalimu, akaingia katika Baraza la Wawakilishi la jimbo, akawa kiongozi wa wabunge wa chama chake cha Democratic, kisha akawa mwenyekiti mwenza wa kamati ya nishati. Kiti hicho si cha mapambo. Kila kampuni ya umeme ikiwa na malalamiko au ombi hupita hapo, na Berry alikaa miaka akisikiliza upande huu na ule. Alipotoka hapo alikuwa ameshawishika kwamba kuzikaripia kampuni hakutoshi, na dawa ni kubadilisha mwenye mali. Baada ya kuondoka bungeni alikuja kuliongoza shirika lenyewe.

Yupo pia Wayne Jortner, mwanasheria aliyefanya kazi miaka mingi katika Ofisi ya Mtetezi wa Umma, ile ofisi ya jimbo inayosimama upande wa mteja kampuni inapoomba kupandisha bei. Mtu wa namna hiyo amesoma maombi ya bei ambayo wewe na mimi tungesinzia kwenye ukurasa wa pili. Na yupo Nicole Grohoski, seneta wa Ellsworth, mchora ramani kwa taaluma, aliyeubeba mzigo huu bungeni. Asije mtu akakwambia lilikuwa jambo la chama kimoja: Seneta Rick Bennett, aliyekuwa Republican wakati huo, aliunga mkono mswada wa 2021 wa kuufanya umeme uwe wa umma.

Katika kampeni ya 2023 waliosikika zaidi walikuwa Andrew Blunt, mkurugenzi mtendaji wa wakati huo, na Al Cleveland, meneja wa kampeni. Nyuma yao kulikuwa na wastaafu, walimu, na watu waliochoshwa na bili. Ofisi yenye ghorofa na mapokezi usiitegemee.

Kwani sasa nyaya ni za nani?

Hapa watu hushangaa. Kampuni mbili zinashika karibu umeme wote wa Maine. Kubwa ni Central Maine Power, tuiite CMP kama inavyoitwa na kila mtu, yenye wateja zaidi ya 600,000. CMP ni mali ya Avangrid, na Avangrid ni mali ya Iberdrola, ambayo makao yake yako Bilbao, Hispania. Ya pili ni Versant, ya upande wa Bangor na kaskazini. Versant ilinunuliwa mwaka 2020 na ENMAX, na ENMAX ni mali ya mji wa Calgary, Kanada.

Rudia sentensi hiyo ya mwisho. Versant tayari ni umeme wa umma, ila umma wenyewe ni wa Calgary. Gawio la ENMAX huingia katika hazina ya mji ule, na mama wa Bangor anayelipa bili hana kura huko. Kila nikieleza hivi mtu hucheka kwanza, halafu hunyamaza.

Kwetu Kongo, SNEL, shirika la umeme, ni ya umma, na tulilala gizani. Kwa nini nitake jambo hilo hapa?

Hili ndilo swali lenye uzito kuliko yote, na huulizwa na watu wa Bukavu, Uvira na Lubumbashi. Aliyekulia Katanga anaijua ile laini kutoka mabwawa ya umeme ya Inga hadi Kolwezi, kama kilomita 1,700, inayopita juu ya vijiji ambavyo havijawahi kuwasha taa, ikikimbilia migodini. Inga I iliwaka 1972, Inga II 1982, na SNEL yote ilikuwa ya taifa. Sasa mtu akikujia mlangoni Lewiston na karatasi iliyoandikwa "umeme wa umma," lazima umwangalie mara mbili.

Mzee mmoja wa Uvira aliniambia, "Mwanangu, ya umma ni ya nani? Umma hauna simu." Sikuwa na la kumjibu siku ile.

Jibu langu leo ni hili. Neno "umma" peke yake halijawahi kuwasha balbu. Mteja wa SNEL hakuwahi kumchagua mkurugenzi wala kumwondoa, na serikali iliyokuwa juu ya shirika ilikuwa yenyewe mdaiwa mkubwa asiyelipa. Tanzania nayo ina hadithi yake: TANESCO ni ya serikali, lakini kati ya 2002 na 2006 uongozi wake ulikabidhiwa kampuni ya Afrika Kusini, kisha likaja sakata la mkataba wa umeme wa kampuni ya Richmond lililomwondoa Waziri Mkuu Edward Lowassa Februari 2008. Kwa hiyo umma unaweza kuharibu, na binafsi anaweza kuharibu. Swali la kuuliza ni moja: wanaosimamia nyaya, anayelipa bili anaweza kuwafukuza?

Pendekezo la Our Power lilijaribu kujibu hapo hapo. Bodi ya watu 13: saba wakichaguliwa na wapiga kura wa jimbo, na sita wataalamu wakichaguliwa na wale saba. Gavana hateui mtu. Unaweza kusema bado si dhamana, na mimi nitakubaliana nawe, lakini usiifananishe na SNEL.

Hiyo Pine Tree Power ni kitu gani tena?

Ni jina la kampuni ambayo ingeundwa. Our Power ndilo shirika la watetezi, Pine Tree Power ndicho kitu walichokuwa wanakitetea. Watu huchanganya, hata magazetini. Pine Tree Power ingekopa kwa kuuza hati fungani, izinunue mali za CMP na Versant, kisha ilipe deni kupitia bili, bila gawio la wanahisa juu yake. Kodi isingeguswa. Kazi ya kila siku ingepewa mkandarasi kwa zabuni.

Faida ya kampuni iko wapi kwenye bili yangu?

Chukua bili yako uitandaze mezani. Utaona mafungu mawili. Moja ni la umeme wenyewe, jingine ni la kuufikisha kwako. Huko Maine, tangu Machi 2000, kampuni za nyaya haziruhusiwi kumiliki mitambo ya kuzalisha, kwa hiyo fungu la kwanza huenda kwa wazalishaji, na bei yake ya kawaida hupatikana kwa zabuni. La pili ndilo la CMP au Versant.

Faida imo ndani ya hilo la pili, na haikuandikwa mstari wake. Mdhibiti, Tume ya Huduma za Umma, huiruhusu kampuni irudishe gharama zake na juu yake ipate kiasi fulani kwa mtaji wa wanahisa, takriban asilimia 9 miaka hii. Ona mtego uliopo: kampuni ikiweka dola kwenye nguzo mpya, hiyo dola huzaa. Ikimlipa mtu akate matawi yanayoegemea waya, dola hiyo inarudi kama ilivyokwenda. Simwiti mtu mwizi, sheria ndiyo iliyoandikwa hivyo. Lakini ukishaelewa hili, hutashangaa kwa nini ujenzi hauishi.

Basi ingekuwa ya umma, bili ingeshuka?

Fungu la kufikisha, pengine, na polepole. Fungu la umeme wenyewe, hapana, na hapa nadhani kampeni haikusema kwa sauti ya kutosha. Bei ya kawaida kwa wateja wa CMP ilipanda kutoka senti 6 na ushei kwa kilowati-saa mwaka 2021 hadi zaidi ya senti 16 mwaka 2023, kwa sababu New England inachoma gesi nyingi kuzalisha umeme na gesi ilipaa. Nyaya zingekuwa za Iberdrola au za shangazi yako, gesi ingepaa vilevile. Mtu aliyeumizwa na ongezeko lile alikuwa na haki ya kudhani swali la kura lilikuwa linahusu hilo. Halikuhusu.

Hasira ya watu dhidi ya CMP ilianzia wapi?

Oktoba 2017. Kampuni iliwasha mfumo mpya wa bili, na mwisho wa mwezi huohuo upepo mkali ukaangusha nguzo jimbo zima. Baada ya hapo maelfu ya wateja wakalalamika kuwa bili zimepanda bila maelezo. Mapema 2020 Tume iliikata kampuni sehemu ya faida yake, kiasi cha dola milioni 10 kwa mwaka, kwa huduma mbaya kwa wateja, adhabu iliyodumu hadi 2022. Berry na wenzake hawakuhitaji kuwaeleza watu tatizo ni nini. Lilikuwa limeshafika nyumbani kwa bahasha.

Ilifikaje kwenye karatasi ya kura?

Kwanza walipita bungeni. Mswada ulipita 2021, Gavana Janet Mills akaukataa Julai, na wabunge hawakupata kura za kumshinda. Mtu mwingine angerudi nyumbani. Hawa wakachukua ubao wa kuandikia, kalamu na kiti cha kukunja.

Katiba ya Maine inawaruhusu wananchi kupeleka sheria kwenye kura wakikusanya saini za kutosha. Safari hiyo zilihitajika 63,067. Kusimama nje ya kituo cha kura siku ya baridi ukiomba saini ni kazi ya pekee. Kalamu inaganda. Mtu anasaini halafu anakwambia amejiandikisha mji mwingine, na wewe unajua saini hiyo imekufa kwenye karatasi hii, kwa sababu kila karatasi huenda kwa karani wa mji ahakiki jina moja moja. Kabla ya hapo aliyekusanya lazima aape mbele ya afisa wa viapo kwamba ameziona saini hizo kwa macho yake zikiandikwa. Mtu asiye raia hawezi kusaini, na wengi wetu tulilazimika kumwambia hivyo jirani aliyekuwa tayari ameshika kalamu. Mwishowe zaidi ya saini 69,000 zilithibitishwa.

Mbona walishindwa vibaya vile?

Karibu 70 kwa 30. Haifichiki.

Fedha, kwanza. Kampuni mama za CMP na Versant zilitumia karibu dola milioni 40. Our Power na waliowaunga mkono walikuwa na kidogo zaidi ya milioni moja. Ungefungua televisheni Oktoba ile usingeweza kumaliza taarifa ya hali ya hewa bila kuambiwa kuhusu deni la dola bilioni 13.5. Kiasi hicho kilikuwa makadirio ya upande wa kampuni. Watetezi walisema bei halisi ingekuwa chini sana na ingeamuliwa mahakamani. Lakini "mahakama itaamua" si jibu la kumpa mtu anayehesabu senti. Bilioni 13.5 ni nambari, na nambari hukaa kichwani.

Pili, karatasi yenyewe. Swali la 1, lililogharamiwa na upande wa CMP, lilitaka mashirika ya umma ya namna hiyo yaombe idhini ya wapiga kura kabla ya kukopa zaidi ya dola bilioni moja. Swali la 2 lilipiga marufuku serikali za kigeni, na kampuni zao, kutia fedha katika kura za Maine. Swali la 3 ndilo Pine Tree Power. Jirani yangu aliniuliza: nikikubali la kwanza na la tatu, nimejenga au nimebomoa? Lilikuwa swali la haki. La 1 na la 2 yalipita, la 3 likaanguka. Nusu nzima ya busara ya wapiga kura iko hapo: fedha za kigeni hawakuzitaka, na deni hawakulitaka vilevile.

Tatu, vyama vya wafanyakazi. IBEW, chama cha mafundi wa nyaya, kilipinga. Fundi uliyemwona juu ya nguzo usiku wa dhoruba akikwambia "usikubali," unamsikiliza yeye kabla ya mtu mwenye kipeperushi. Hapa ndipo, kwa maoni yangu, Our Power walipoteza mchezo, hata kabla ya matangazo. Wangeanza kwa mafundi wangekuwa na hadithi nyingine.

Na sisi wa Lewiston tulikuwa msibani. Tarehe 25 Oktoba watu 18 waliuawa kwa risasi mjini kwetu. Kura ilikuja siku 13 baadaye. Sikumkumbusha mtu habari za nguzo wiki zile.

Tarehe 18 Desemba, wiki sita baada ya kura, dhoruba iliwaacha gizani wateja zaidi ya 400,000. Utani uliozunguka mitaani siku hizo siwezi kuuandika hapa.

Mafundi wangepoteza kazi?

Pendekezo lilisema wangebaki wote na mikataba yao ingeheshimiwa. Chama hakikuamini. Rudi swali lililotangulia.

Kuna mahali jambo hili limewahi kufanikiwa?

Hapo hapo Maine. Kennebunk, Houlton na Madison wana umeme wao wa mji kwa vizazi. Visiwa vya Vinalhaven na North Haven vina ushirika, na tangu 2009 vina mitambo mitatu ya upepo. Nebraska ni jimbo zima lisilo na kampuni ya umeme ya wanahisa. Lakini mfano ninaoupenda ni Sacramento, California. Wapiga kura walikubali mwaka 1923. Kesi zikafuata, rufaa zikafuata, na shirika lao likaanza kusambaza umeme Desemba 1946. Miaka 23. Walioweka kura ya kwanza wakiwa na watoto mgongoni walikabidhiwa nyaya wakiwa na wajukuu.

Karibu na kwetu tazama Uganda. Kampuni binafsi iliyoitwa Umeme ilishika usambazaji tangu 2005, mkataba ukaisha 31 Machi 2025, na shirika la serikali, UEDCL, likachukua. Hapo nako ugomvi ulikuwa uleule: kampuni inayoondoka ilipwe kiasi gani? Popote uendako, nyaya hazina shida kuhama. Shida ni risiti.

Our Power bado wapo?

Wapo, kwa kazi isiyo na televisheni: kufuatilia maombi ya bei, kutoa ushahidi mbele ya kamati, kuwaeleza watu bili zao. Walioshindwa 70 kwa 30 kwa kawaida hubadilisha namba za simu. Hawa hawakubadilisha, na kwangu hilo linasema zaidi juu yao kuliko kampeni yenyewe.

Nimechelewa kulipa na nina watoto. Wanaweza kunikatia majira ya baridi?

Kati ya 15 Novemba na 15 Aprili kampuni haiwezi kukukatia nyumbani bila idhini ya kitengo cha wateja cha Tume. Usikae kimya ukidhani sheria itakufanyia kila kitu: deni linaendelea kukua, na Aprili inafika. Piga 211, uliza msaada wa bili, omba mkalimani. Kipo pia mpango wa kufutiwa deni la zamani kidogo kidogo unapolipa la sasa kwa wakati.

Mimi si raia. Nina la kufanya?

Usipige kura wala usisaini maombi ya kura. Usijiharibie faili lako la uhamiaji kwa ajili ya nguzo. Lakini kuzungumza unaruhusiwa. Kamati ya bunge huko Augusta humsikiliza mtu yeyote aliyefika, na Tume huwa na vikao vya wateja kampuni ikiomba bei mpya. Unapewa kama dakika tatu. Mama mmoja niliyemsindikiza alikwenda na bili kumi na mbili ndani ya mfuko wa dukani, akazipanga mezani kuanzia Januari, akasema kiasi cha kila moja kwa Kiswahili, mimi nikitafsiri. Alipofika Septemba muda ukaisha. Mwenyekiti akamwambia aendelee.